Samaki Waliopita Posta

Ukikusanya stempu za samaki ukiwa mkazi wa Moshi, swali la kwanza utakaloulizwa ni bahari iko wapi. Nimeulizwa na wajomba, na majirani wa Majengo, hata na kijana wa dirishani pale posta ya Mnara wa Saa. Jibu langu huwa ni moja: njoo Soko la Mbuyuni asubuhi. Utakuta perege na kambale wa Nyumba ya Mungu, dagaa wa Kigoma na wa Mwanza kwenye magunia, na siku nyingine nguru aliyesafiri na basi la usiku kutoka Tanga. Samaki wanafika Moshi. Zamani walifika kwa njia nyingine pia, wamebandikwa kwenye kona ya bahasha, na hao ndio ninaowafuatilia tangu utoto.

Baba alikuwa karani katika ofisi ya ushirika wa kahawa. Barua zilikuja kutoka Bukoba, Mbinga, Dar es Salaam, Nairobi, na zikishajibiwa na kuwekwa kwenye faili, bahasha zilikuwa takataka. Aliziomba kwa bosi wake akawa ananiletea. Stempu zilikuwa za kila aina, viongozi na majengo na ndege na vipepeo, ila mimi nilishikwa na samaki. Uchagani kwetu samaki hakuwa chakula cha wazee. Bibi yangu wa Kibosho hakuwahi kumtia mdomoni maisha yake yote. Kwake yeye samaki na nyoka walikuwa ukoo mmoja. Lakini stempu alikuwa akiishika, akiielekeza kwenye mwanga wa mlango, na kuuliza kama kweli kuna mnyama mwenye rangi hizo ndani ya maji. Nami sikuwa na jibu, kwa sababu bahari nilikuwa sijaiona.

Stempu alizokuwa akizishika bibi ni zile zilizotolewa tarehe 9 Desemba 1967. Kwa mkusanyaji wa Tanzania anayependa samaki, hapo ndipo pa kuanzia. Zilikuwa stempu za kawaida za kila siku, ndiyo maana zilipita kwenye mikono ya watu wengi: kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, na kila thamani na samaki wake. Senti 10 ina yule samaki wa kwenye mikoko anayetoka majini akatembea juu ya tope kwa mapezi. Senti 15 ni bunju mwenye madoa meupe, ambaye mvuvi wa pwani anamjua kwa sumu yake. Senti 20 ni farasi wa baharini, ambaye dume ndiye anayebeba mayai kwenye mfuko wa tumboni mpaka yaanguliwe. Shilingi moja ni yule mwenye miiba mirefu ya sumu iliyotanda kama manyoya ya jogoo anayegombana. Shilingi 1 na senti 30 ni kangaja wa buluu, na shilingi 10 ni kikande aliyechorwa mistari kana kwamba mtoto alishika rangi. Mwaka 1969 ziliongezwa mbili, ya senti 70 yenye chewa na ya shilingi 1 na senti 50, zikatimia 16. Mwishoni mwa 1973 vipepeo wakachukua nafasi yao.

Ukizitazama zote pamoja utaona kwamba wengi wao ni samaki wa matumbawe, wa kutazamwa. Chewa analiwa, na wengine wachache, lakini hakuna dagaa hapo, hakuna nguru, hakuna changu. Miaka miwili kabla yake, tarehe 9 Desemba 1965, Tanzania ilitoa seti yake ya kwanza ya stempu za kila siku, na humo kuna mbili za uvuvi: ya shilingi moja ni uvuvi wa dagaa Ziwa Tanganyika, na ya shilingi 2 na senti 50 ni uvuvi kisiwani Mafia. Zimekaa pamoja na mkonge, na barabara, na umeme wa Hale, na Mlima Kilimanjaro wetu kwenye ya senti 65. Mvuvi pale ni mfanyakazi kati ya wafanyakazi wa nchi changa. Mimi naona huwezi kuielewa seti moja bila nyingine. Ya 1967 inakuonyesha uzuri uliomo baharini, ya 1965 inakuonyesha mtu anayeamka usiku kwenda kuutafuta. Wakusanyaji wengi wa samaki wanaiacha ya 1965 kwa sababu samaki mwenyewe haonekani vizuri. Sikubaliani nao.

Ile ya dagaa niliibeba siku moja ndani ya kitabu nikaenda nayo Mbuyuni, kwa mama mmoja wa Kigoma ambaye nimenunua kwake miaka mingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo nusu kilo au kilo?"

Nilimpa kioo cha kukuzia na stempu ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa karatasi laini. Akafuta vidole kwenye kanga kwanza, akainama, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaanza kueleza kazi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Enzi za baba yake zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajaa chini ya taa, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali kazi inasimama, kwa sababu taa haina nguvu mbele ya mwezi, na wiki hiyo bei inapanda hadi huku Moshi. Nilikuwa nimeila bei hiyo kwa miaka bila kujua kwamba inapangwa na mwezi. Akaongeza kwamba dagaa wake wasichanganywe na wa Mwanza, na kwa hili ana haki hata kwa sayansi: wa Ziwa Victoria ni samaki wa jamii nyingine kabisa, na wa Tanganyika wako wa aina mbili, ndugu wa simu, wale samaki wadogo wa baharini.

Tangu siku hiyo nimefanya hivyo kwa stempu nyingi. Sikai nayo peke yangu na kitabu. Naipeleka kwa mtu aliyemshika samaki huyo, au aliyemuuza, au aliyempika. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu, kule mito ya Kikuletwa na Ruvu inakokutana bwawani, alinionyesha kwa kidole kwenye stempu ya perege jinsi ya kutofautisha dume na jike wakati wa kuzaliana, jambo ambalo mchoraji alikuwa ameliweka na mimi nilikuwa nimelipita.

Somo kubwa kuliko yote, hata hivyo, nilipewa na mzee mmoja mstaafu wa posta, aliyeajiriwa wakati posta ikiwa bado ya Afrika Mashariki nzima. Nilikwenda kwake Rau kumwonyesha albamu. Alifunua kurasa taratibu, kwa heshima, akasifu usafi, kisha akasema, "Unamwangalia samaki tu. Mhuri huusomi?"

Akanieleza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kazi rasmi tarehe 1 Desemba 1967, makao makuu yakiwa Arusha. Siku nane baadaye ndipo samaki hawa wakatoka. Posta ilikuwa moja, na stempu zilizoandikwa Tanzania ziliruhusiwa kutumika Kenya na Uganda pia. Kwa hiyo mtu angeweza kununua bunju wake Moshi, akapanda basi la Taveta kwenda kusalimia ndugu Voi au Mombasa, akabandika na kutuma barua huko, na barua ikafika. Mzee akachukua kioo changu, akapekua tena, safari hii kwa haraka, akaweka kidole kwenye farasi wa baharini wa senti 20. Chini ya mkia, kwenye wino mweusi uliofifia, herufi za mwisho za Kisumu zilikuwa zinasomeka. Nilikuwa naye miaka yote hiyo.

Hapo mkusanyiko wangu ulibadilika. Nilianza kuupanga kwa mihuri. Zanzibar ilikuwa na stempu zake mpaka mwisho wa 1967. Tangu Januari 1968 zikaanza kutumika za Tanzania, kwa hiyo samaki hawa ni miongoni mwa stempu za kwanza za muungano kupigwa mhuri Wete au Chake Chake. Wako pia waliochapwa neno OFFICIAL juu yao kwa ajili ya barua za serikali, na nikimpata mmoja mwenye mhuri wa mji mdogo wa bara najiuliza ni barua gani ilibebwa na samaki wa matumbawe: uhamisho wa mwalimu, ripoti ya mvua, kibali cha kisima. Karatasi nazo hazikuwa za aina moja; iko yenye mng'ao na iko iliyopakwa chaki, na jicho likizoea unazitenganisha kwa kuzilaza pembeni ya dirisha.

Jumuiya hiyo ilivunjika 1977. Mwaka huohuo, mwanzoni, zilitoka stempu za samaki wa kuvuliwa kwa ndoana Afrika Mashariki, kila nchi na jina lake lakini michoro ni ileile: sangara, perege, na wale wawili wakubwa wa bahari kuu wenye pua ndefu kama mkuki. Kwangu ni seti yenye huzuni, na si kwa sababu ya siasa pekee. Sangara pale anaonekana kama fahari ya wavuvi wa michezo. Alikuwa amepandikizwa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950, na wakati stempu inatoka balaa lilikuwa bado halijaonekana. Miaka ya 1980 akalijaza ziwa, furu wa aina nyingi wakatoweka, viwanda vya minofu vikainuka Mwanza, na watu wengi wakapata kazi kwa samaki yuleyule aliyewala samaki wa babu zao. Ukiiweka stempu ya sangara ya 1977 mkononi, unashika dakika ya mwisho kabla ya yote hayo.

Ndiyo maana siwezi kukaa na samaki wa nchi moja. Newfoundland, ambayo leo ni sehemu ya Kanada lakini ilikuwa na stempu zake, iliweka samaki kwenye stempu ya senti 2 mwaka 1865. Ni yule wa bahari baridi anayekaushwa kwa chumvi akawa ng'onda na kuuzwa Ulaya na Karibi. Nchi ile iliishi kwa samaki huyo, ikamweka tena kwenye stempu ya senti 1 mwaka 1932. Mwaka 1992 serikali ya Kanada ilisimamisha uvuvi wake kwa sababu alikuwa amekaribia kuisha, na maelfu ya watu wakabaki bila kazi. Nakala yangu ya 1932 imechakaa, pembe moja imeliwa, lakini nimeibandika ukurasa mmoja na sangara makusudi.

Na yuko silikanti. Wataalamu walikuwa wanaamini kwamba alikwisha duniani pamoja na madinosaria, mpaka 1938 alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, na Marjorie Courtenay-Latimer, mtunza makumbusho wa mji wa East London, akaona kwamba si samaki wa kawaida. Wa pili akajulikana Komoro, Desemba 1952, na Komoro ikamweka kwenye stempu mwaka 1954. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Tanga wakawa wanawatoa kwenye majarife, nyavu za kuvulia papa zinazotegwa kwenye kina kirefu, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari ya Tanga kwa ajili yake. Reli ya Tanga ndiyo iliyoleta barua za kwanza nyingi za Moshi, kwa hiyo namhesabu silikanti kuwa jirani.

Kuhusu samaki wa miaka ya 1990 nina maoni makali. Tanzania, kama nchi nyingi maskini za wakati ule, ilitoa stempu nyingi mno kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo: papa, samaki wa mapambo, samaki wa maziwa, karatasi baada ya karatasi. Nyingi hazikuwahi kuonja mate wala kusafiri. Zilipigwa mhuri palepale zilipochapwa, zikauzwa zikiwa zimefungwa kwenye mifuko. Utazitambua kwa urahisi. Geuza nyuma: gundi iko yote, inang'aa. Tazama mbele: mhuri umekaa kwenye kona robo duara safi, unalingana stempu hadi stempu. Sizitupi. Nazigawa kwa watoto wa mtaani wanaotaka kuanza, maana michoro yake inapendeza na hakuna hasara wakizichana. Lakini kwenye albamu yangu hazimo. Stempu ilitengenezwa ifanye kazi ya kubeba barua, na mimi nataka iliyofanya kazi hiyo.

Kutunza kunategemea mahali unapoishi, na vitabu vya nje havijui masika ya Moshi. Kuanzia Machi hadi Mei unyevu unaingia hadi ndani ya droo. Stempu mpya yenye gundi inaganda kwenye ukurasa, na karatasi inaota madoa ya kahawia yasiyotoka. Mimi albamu nazisimamisha, sizilazi moja juu ya nyingine, kwa sababu uzito na unyevu vikikutana gundi inalainika. Nakusanya vile vifuko vidogo vya chembe zinazonyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio, naviweka kabatini, na siku za jua navianika. Jua lenyewe stempu zisilione. Linakula rangi, na samaki wa 1967 wanaishi kwa rangi zao. Mifuko ya plastiki laini ya dukani inanata na kuvuta wino baada ya muda, afadhali bahasha za karatasi. Wako pia wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaopenda gundi na karatasi, na njia ya kuwashinda ni kufungua kurasa mara kwa mara. Vidole navyo vina mafuta, kwa hiyo shika kwa kibano chenye ncha bapa.

Kubandua ni maji ya uvuguvugu na subira. Kata kipande cha bahasha ukiacha nafasi kuzunguka meno ya stempu, kilaze majini uso wa stempu ukiwa chini, ngoja stempu iachie yenyewe. Usivute. Bahasha za kaki na za rangi zilowekwe peke yake, zinatoa rangi. Kausha juu ya kitambaa cheupe, usitumie gazeti, kisha bana kwenye kitabu kizito. Zile za siku hizi zenye gundi ya kujibandika maji hayazisaidii; zikate na karatasi yake na uziache hivyo.

Ila kabla ya beseni, soma. Kama anwani, tarehe na mhuri vinasomeka, bahasha isiguswe na mkasi. Nchini kwetu barua kwa kawaida hazikuja mlangoni, ziliishia kwenye sanduku, kwa hiyo karibu kila bahasha ina S.L.P. ya mtu au ofisi, na ukiilinganisha na mhuri unaona njia nzima: imetoka wapi, imepita wapi, imengoja siku ngapi. Wakati mwingine nyuma kuna mhuri wa pili wa ilikofikia. Ukikata stempu ukaacha hayo, umebaki na picha ya samaki, na picha za samaki ziko tele.

Barua zimepungua, hilo halina ubishi, na simu ndiyo sababu. Hata hivyo posta haijafa kwetu kaskazini. Makao makuu ya Umoja wa Posta Afrika yapo Arusha tangu umoja huo uanzishwe mwaka 1980, na Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jengo lake jipya la ghorofa 17. Nilipokwenda Arusha kwa shughuli za familia nilimpeleka mpwa wangu alione. Aliuliza ndani wanafanya nini. Nilimweleza kwamba barua ya kutoka Lusaka kwenda Algiers inahitaji nchi zikubaliane nani anabeba na nani analipwa, na kwamba bila makubaliano kama hayo samaki wetu asingeweza kuvuka hata Taveta.

Ninachotafuta sasa ni samaki wa 1967 au wa 1969 kwenye bahasha nzima, mhuri wa vijiji vya mlimani: Marangu, Machame, Kibosho, Mkuu Rombo, Usangi. Najua bahasha hizo zipo. Zimo kwenye masanduku ya bati ya wazee, pamoja na risiti za kahawa na vyeti vya ubatizo, na kwenye mafaili ya parokia na shule kongwe. Kila mwaka baada ya msiba mmoja au ukarabati wa ofisi, karatasi hizo zinachomwa nyuma ya nyumba. Ukiwa wewe ndiye unayepewa kazi ya kusafisha, chambua bahasha kwanza na uziweke kavu. Usikate stempu, usibandue, usisugue vumbi kwa kitambaa kibichi. Barua ya ndani ni ya familia, itoe mbaki nayo. Bahasha mpelekee mkusanyaji yeyote aliye karibu nawe, awe mimi au mwingine, na mwambie ilikuwa ya nani na ilitoka kwa nani, kama bado yuko mtu anayekumbuka.